Maneno Asiyoyakumbuka

Alipofumbua macho aliona dari. Dari jeupe, safi, lenye feni iliyokuwa ikizunguka polepole, na halikuwa dari la chumbani kwake. Shingo ilikuwa inanata. Blauzi yake mpya ya samawati, ile aliyoihangaikia wiki nzima, ilikuwa imelowa soda kuanzia kolani mpaka kifuani. Mtu alikuwa amemshika mkono, anamkanda vidole kimoja kimoja.

"Ameamka," ilisema sauti ya dada yake. "Jamani, ameamka. Lenzi, unanisikia? Niambie, leo siku gani?"

"Jumapili." Ulimi ulikuwa mzito kama wa kuazima.

"Na hapa ni wapi?"

Hapo ndipo akili ilipomrudia, akatamani afumbe macho tena. Walikuwa kwa kina Fundi, mwanamume aliyemchumbia. Ndiyo Jumapili yenyewe ya kumpeleka akaonwe na mama mkwe mtarajiwa, na sasa mchumba mtu alikuwa amelala chali kwenye kochi la watu, viatu vimevuliwa, kitambaa cha mezani kimefunikwa miguuni.

Aligeuza kichwa. Mama yake Fundi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi, ameusahau. Mjomba wake Fundi, yule waliyemsubiri muda wote ule ndipo chakula kiliwe, alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti akiangalia viatu vyake. Na Fundi alikuwa dirishani, amewapa mgongo.

"Fundi," alimwita.

Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Unajisikiaje?"

"Sasa vizuri. Samahani jamani, nimewaharibia chakula."

"Usiombe samahani," alisema Fundi. Lakini hakusogea pale dirishani, na hilo ndilo lililomtia Lenzi baridi kuliko blauzi iliyolowa. Fundi alikwisha kumwona sukari imemshuka, si mara moja. Siku zote ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga magoti karibu naye, wa kwanza kumtania kwamba anapenda kubembelezwa. Leo alikuwa amesimama mbali kama mgeni nyumbani kwao.

"Kuna nini?" aliuliza.

Mama yake Fundi aliingia jikoni. Dada akaanza kumvalisha viatu, haraka haraka, kama wanaokimbia mvua.

*

Lenzi halikuwa jina lake la kuzaliwa. Walimpa dukani, kwa sababu ndiye aliyekuwa akizikata na kuzisugua lenzi za miwani kwenye chumba kidogo nyuma ya duka, na mteja akilalamika kwamba miwani inambana au inamwonyesha ngazi mbili mbili, mwenye duka alipaza sauti: "Lenzi! Njoo umsikilize huyu!" Jina likanata. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo, mwembamba, mcheshi akiwa na watu, mkimya akifika kwake. Sindano za insulini alizianza angali anavaa sare ya shule, mwaka uleule mama yao alipofariki, na dada yake ndiye aliyemshika mkono akamfundisha kujidunga bila kulia.

Fundi aliingia maishani mwake kwa mlango wa friji. Friji lilikufa mwezi wa joto kali, akaitwa fundi, akaja mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini na penseli nyuma ya sikio. Alipofungua mlango akaziona chupa za insulini zimefungwa kwenye taulo lenye barafu. Hakuuliza ni za nini. Alisema tu, "Barafu isiziguse hizi, zikiganda zimeharibika. Baba yangu alikuwa nazo." Halafu akaenda zake, na baada ya kitambo akarudi amebeba begani friji dogo la kuazima, akapanda nalo ngazi zote mpaka ghorofani kwake. Mwanamke gani angemsahau mtu wa namna hiyo?

Kwa hiyo Fundi alijua. Asiyejua alikuwa mama yake. Dada ndiye aliyeshauri hivyo: "Waache wakupende kwanza, mengine watajua baadaye." Na Lenzi naye, tuseme ukweli, alitaka Jumapili moja tu ya kuwa mwanamke kama wanawake wengine. Akauacha nyumbani mkoba wake mkubwa wa kila siku, wenye mashine ya kupimia, glukosi na biskuti, akabeba kipochi kidogo kinacholingana na viatu. Humo mlienea sindano, na rangi ya mdomo.

Kwenye kliniki anakochukulia dawa, insulini yake ya kawaida ilikuwa imekwisha. Alikuwa amepewa ya mchanganyiko, ambayo ukishajidunga ni lazima chakula kifuate upesi. Aliambiwa chakula kiko tayari. Akaomba kwenda msalani, akajidunga, akarudi sebuleni na tabasamu. Ndipo ikaja simu kwamba mjomba amepata pancha njiani.

"Hatuwezi kula bila mjomba," alisema mama yake Fundi. "Yuko karibu tu."

Lenzi alikumbuka harufu ya kuku kutoka jikoni. Alikumbuka Fundi akimwangalia kwa jicho la kuuliza, naye akimtikisia kichwa kwamba yuko sawa. Angewezaje kuomba chakula nyumbani kwa watu, siku ya kwanza, kama mtoto? Akasubiri. Baada ya hapo hakukumbuka tena kitu, mpaka dari.

*

Fundi aliwarudisha kwa gari lake la kazi. Spana na koleo tu ndizo zilizogongana kule nyuma. Walipofika, Lenzi alibaki kwenye kiti cha mbele baada ya Dada kushuka.

"Utakuja kesho?"

"Kesho nina kazi ya chumba cha baridi, kwenye bucha moja kubwa. Nitakupigia."

Hakupiga. Alituma ujumbe. *Umepima?* Na asubuhi yake: *Imesoma ngapi?* Lenzi akajibu namba, naye akarudisha neno moja, *Sawa*. Siku zikaenda hivyo. Mwanamume aliyezoea kumuuliza ameota nini sasa alimuuliza mambo ambayo hata nesi alikuwa akimuuliza, tena nesi kwa bashasha zaidi.

Upweke haukuwa kitu kigeni kwa Lenzi. Aliishi nao muda mrefu, akajua desturi zake. Alijua kupima mchele wa mtu mmoja kwa jicho. Alijua kulala bila kuacha ufunguo kwenye kitasa, ili siku asipoamka Dada aweze kufungua kwa ufunguo wake wa akiba. Jioni alikuwa akiwasha redio katika chumba asichokaa, aisikie kwa mbali kana kwamba kuna watu. Lakini upweke wa sasa ulikuwa wa aina nyingine. Ule wa zamani haukuwa na sura ya mtu. Huu ulikuwa na penseli nyuma ya sikio.

Dada alipokuja na bakuli la supu, alimbana.

"Niambie ukweli. Nilisema nini kule?"

"Ulisema nini wapi?"

"Dada, usinifanye mtoto. Sukari ikinishuka huwa nina mdomo, unajua wewe kuliko mtu yeyote. Nilisema nini mbele ya wale watu?"

Dada aliweka bakuli chini, akashughulika na mfuniko. "Uliropoka tu. Mtu mwenye homa haropoki?"

"Niliropoka nini?"

"Wewe nawe! King'ang'anizi kama baba. Kunywa supu." Akakaa kitandani, sauti ikalegea. "Mdogo wangu, labda ni heri. Mimi nikikusikia tu unavyosema haloo najua sukari yako iko wapi. Yule bwana atajua lini? Umelala, unatokwa jasho, yeye anakoroma. Siku moja tu akikosea, nitamwambia nini marehemu mama?"

"Kwa hiyo niishi na wewe mpaka lini?"

"Nimesema kuna mwisho?"

Lenzi alimtazama dada yake, ambaye nywele za pembeni zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, ambaye alikataa wachumba wawili kwa sababu ya kulea. Alikunywa supu.

Jumamosi akaenda kliniki, kwenye kile kikundi chao cha wenye sukari. Walikaa kwenye mabenchi wakisubiri, na kama kawaida walijigawa bila kuambiwa. Wale wachache wanaojiweza walikuwa na kidude kilichobandikwa mkononi, kinapiga kelele chenyewe sukari ikianza kushuka. Waliobaki walipima kwa kutoboa kidole, tena siku ambazo vipimo vipo. Siku hiyo alikuwepo binti mmoja mtafiti, mpole, akiuliza kila mtu maswali.

"Sukari yako inaposhuka nyumbani, nani huwa karibu nawe?"

"Paka," alijibu mzee mshona viatu, na benchi zima likacheka. Binti akasita, hajui kama aandike.

Ilipofika zamu yake, Lenzi alisema, "Hakuna mtu." Kisha akauliza yeye: "Na nyie watafiti, mmeshagundua kama maneno anayoyasema mtu wakati ule ni ya kwake?"

Binti alimtazama nesi. Nesi, mama mnene aliyewajua wote kwa majina ya utani, akavuta kiti.

"Ubongo unakuwa na njaa, mwanangu. Mtu mpole anakuwa mkali, mstaarabu anatukana. Mume wa mtu aliwahi kunirushia kiatu hapa. Hiyo inajulikana, imechunguzwa. Usijilaumu."

"Sijauliza hivyo. Nimeuliza kama ni ya kwake."

"Hilo," alisema nesi, "anajua mwenyewe akishapona."

*

Wiki iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, duka likiwa tupu, aliingia mama yake Fundi. Alisimama mbele ya kabati la fremu za miwani, amejitanda mtandio mweusi, miwani mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kiskurubu hiki kimelegea. Naambiwa wewe ndiye mwenyewe."

Lenzi aliipokea miwani. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Akajihoji haraka kama ni sukari, akajijibu kwamba si sukari, ni woga. Akakaza kiskurubu, akaifuta miwani, akamvalisha mwenyewe, akamrekebishia nyuma ya masikio. Kwa muda mfupi nyuso zao zilikaribiana.

"Sasa nakuona vizuri," alisema yule mama, bila kucheka. "Kaa chini, tuzungumze. Sikuja kugombana."

Wakakaa kwenye viti vya wateja.

"Mimi nilikuwa mke wa mtu mwenye sukari. Mwanangu amekuambia?"

"Ameniambia kidogo tu."

"Tulikuwa tunaishi mbali na hospitali. Tulipojua anaumwa nini, kidole cha mguu kilikuwa kimeshaoza. Wakakata kidole. Wakakata mguu. Dawa leo ipo, kesho haipo. Walio karibu na hospitali kubwa walikuwa wanazeeka nayo, mume wangu hakuzeeka. Nilikuwa mke kwa muda mfupi, kisha nikawa muuguzi. Nilimpenda, usidhani. Nilimpenda mpaka nikasahau kwamba na mimi ni mtu." Alivua miwani akaivaa tena. "Kwa hiyo siku ile ulipoanguka kwenye zulia langu, sikukuona wewe. Nilimwona yeye. Nikamwambia mwanangu, huyu hapana. Utakuwa umeoa zahanati."

Lenzi aliinamisha kichwa. "Mama, yangu si kama ya baba. Nimeishi nayo miaka mingi, naijua..."

"Najua. Amenieleza. Amenieleza mpaka nikamwambia anyamaze nilale. Hilo tungebishana, tungenuniana, mwisho ningezoea. Mimi ni mama, nitaenda wapi? Lakini sasa hanibishii tena. Ananiambia, 'Mama, usiwe na wasiwasi, huenda hakuna harusi.' Anakula nusu sahani. Na si kwa sababu ya kuanguka kwako. Ni kwa yale uliyoyasema."

"Nilisema nini, mama? Nakuomba. Kila mtu ananificha."

Yule mama alimtazama kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalainika.

"Masikini, kumbe kweli hujui." Akainuka, akajifunga mtandio. "Muulize mwenyewe. Mimi yamenitosha kuyasikia mara moja."

*

Karakana ya Fundi ilikuwa uchochoroni, mafriji yamepangwa pande zote, milango wazi. Kesho yake, saa ya chakula, Lenzi alimkuta amepiga magoti nyuma ya moja, anachomelea bomba. Alipomwona alizima moto, akasimama polepole.

"Umepima?" aliuliza.

"Nimepima, nimekula, niko salama kuliko wewe. Usiniulize tena hayo. Leo nauliza mimi." Alibaki amesimama mlangoni, mkoba wake mkubwa begani. "Nilisema nini kwenu?"

Fundi alichukua tambara akaanza kufuta mikono. Aliifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nilikuona unatokwa jasho. Nikaleta glasi ya juisi, nikataka kukunywesha. Ukaipiga ikamwagika. Ukasema, mbele ya mama, mbele ya dada yako, mjomba ndiyo anaingia: 'Mwambieni huyu asinilishe kama mtoto. Simpendi. Nimemkubali kwa sababu nimechoka kukaa peke yangu.' Halafu ukasema, 'Hata angekuja mwingine ningemkubali.'"

Lenzi alishika mlango wa friji lililokuwa karibu.

"Baada ya hapo ukaanguka," alimalizia Fundi.

"Na wewe ukanimiminia soda."

"Ningefanyaje? Nikuache ufe kwa sababu hunipendi?"

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Wote wawili walisubiri apite.

"Kila mtu ananiambia ni sukari," alisema Fundi. "Dada yako kanipigia simu, kaniambia ni sukari. Nesi wenu nimemuuliza. Hata mama, pamoja na yote, juzi kaniambia, 'Labda ilikuwa sukari.' Na mimi nataka kuamini, Lenzi. Lakini nikikaa peke yangu naisikia ile sauti. Nakujua sukari ikikushuka, unachanganya maneno, unaongea kama mlevi. Siku ile hukuchanganya hata neno moja. Ilikuwa kama mtu ametua mzigo." Alilitupa tambara. "Sitakuuliza mara mbili. Ilikuwa sukari, au ilikuwa wewe?"

Jibu lilikuwa hapo hapo, mlangoni mwa mdomo. *Ilikuwa sukari.* Nani angembishia? Sayansi ingemtetea, kliniki nzima ingemtetea. Angelitamka, Fundi angevuka ile sakafu yenye mafuta, angemkumbatia, na jioni angekuwa kwake wanacheka. Alimtamani mno.

Lakini aliijua ile jioni Fundi alipomwomba wawe pamoja. Alikuwa ametoka kuugua mafua, amelala ndani bila mtu wa kumpa hata maji, amejikokota kupima, kujidunga, kurudi kitandani. Fundi akagonga mlango, akamwambia yaliyomo moyoni, na Lenzi akasema ndiyo. Lile neno ndiyo aliupa mlango uliogongwa, si aliyeugonga. Angegonga mwingine, mwenye upole kama huo, angempa vilevile. Alilijua hilo tangu siku hiyo, akalifunika, akaweka mambo mengine juu yake.

"Ilikuwa mimi," alisema.

Fundi alifumba macho.

"Ungesema ni sukari," alisema kwa sauti ndogo.

"Ungeniamini?"

"Ningekuamini mpaka nazeeka."

"Ndiyo maana nimeshindwa." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti ilisimama. "Nisikilize mpaka mwisho, halafu unifukuze ukitaka. Nilikuwa mimi, ila ni mimi wa mwanzo. Nilikukubali kwa kuchoka. Halafu unakumbuka siku ulipokwenda kufunga majokofu mji mwingine, Dada akaja kulala kwangu? Nyumba ilikuwa na mtu. Kuna wa kupika naye, kuna wa kuongea naye. Na mimi kila hatua kwenye ngazi nageuka. Dada ananiambia kitu namwitikia tu. Nikajiuliza, mbona nina mtu na bado niko peke yangu? Siku hiyo nilijua. Sikuwa nimekosa mtu. Nilikuwa nimekukosa wewe."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? 'Fundi, zamani nilikuwa sikupendi, sasa nakupenda, hebu nisogezee chumvi'?"

Kicheko kilimtoka Fundi bila ruhusa, kifupi, kikakatika njiani. Akajipangusa uso kwa mkono, akajipaka grisi shavuni bila kujua. Lenzi aliiona ile grisi, akatamani kuifuta, akajizuia.

"Imeniuma," alisema Fundi.

"Najua."

"Na sidhani kama itaisha leo."

"Najua."

Hakukuwa na zaidi. Lenzi alirekebisha mkoba begani, akageuka aondoke. Alikuwa ameshaweka mguu nje aliposikia:

"Siku nyingine ikishuka, nitajuaje mapema?"

Alisimama. *Siku nyingine.* Hakuthubutu kugeuka upesi, asije akaishtua ile sentensi ikakimbia.

"Jasho hapa, juu ya mdomo," alisema, akijionyesha. "Na nikianza kukuudhi bila sababu."

"Huwa unaniudhi mara nyingi bila sababu."

"Basi ukiona nimezidisha. Na nikikataa kula kwa ukali, usinisikilize. Nipe hivyohivyo."

"Na ukinitukana?"

"Nipe."

"Na ukiniambia tena hunipendi?"

Lenzi alimtazama, mwanamume mrefu katikati ya mafriji yaliyo wazi, grisi shavuni.

"Nipe," alisema. "Uniulize nikishakula."

Fundi aliokota kifaa chake cha kuchomelea, akapiga magoti tena nyuma ya friji, na Lenzi akarudi kazini, kwa sababu saa ya chakula ilikuwa imekwisha na kulikuwa na lenzi za mwalimu mmoja zinamsubiri.

Hakuja siku hiyo, wala iliyofuata. Hata ujumbe hakutuma. Lenzi alienda kazini, akarudi, akapika cha mtu mmoja. Dada alipompigia alimwambia kila kitu, na kwa mara ya kwanza Dada hakutoa ushauri wowote. Alikaa kwenye simu kimya, akapumua tu, mpaka mdogo wake alipomaliza kulia. Redio hakuiwasha. Alikaa mezani, akila, akisikiliza jinsi nyumba ya mtu mmoja inavyokuwa na sauti chache: kijiko, maji ya bomba, viatu vya jirani wa chini. Hakujutia alichosema. Alihuzunika tu, tena sana, kama mtu aliyelipa bei halali ya kitu na bado mfuko ukamuuma.

Jumapili mchana alikuwa anaosha sahani yake aliposikia hatua kwenye ngazi. Hakugeuka; alikwisha kujikanya tabia hiyo. Hatua zikapanda, zikapita ghorofa ya jirani, zikaja mpaka mlangoni, zikasimama.

"Nani?" aliita, mikono ina povu.

"Mimi."

Alisogea mpaka mlangoni. Aliweka kiganja kilicholowa juu ya mbao. Upande wa pili alimsikia anahema; alikuwa amepanda ngazi kwa haraka, au alikuwa anaogopa.

"Lenzi. Umeshakula?"

"Nimeshakula."

"Basi nakuuliza."

Alimjibu hata kabla hajafungua mlango.